Maneno ya Kuita Wagonjwa

Dufie alikuwa ameshika kijiko cha uji mbele ya mdomo wa baba yake tangazo lilipoanza, na kijiko kikabaki hewani mpaka tangazo likaisha.

Tangazo lenyewe alilijua. Alilitunga yeye, akalisoma yeye redioni wiki tatu mfululizo, asubuhi na jioni, kwa ile sauti ambayo madereva wa Kumasi walisema ingemuuzia mkaa hata mchoma mkaa. Wiki hii alikuwa likizo kumuuguza baba yake, maana shangazi aliyekuwa akimtazama alisafiri. Kwa hiyo alitegemea kumsikia mwenzake Bediako akiyasoma maneno yale yale. Sauti ilikuwa ya Bediako, naam. Maneno hayakuwa yale.

"Yupo fundi mmoja wa magari kule Tafo," alisema Bediako kwa huzuni ya kulipwa. "Alikuwa akibeba gia ya lori peke yake. Leo analishwa uji na binti yake. Akienda msibani hukaa kiti cha mwisho, mkono wa kulia kaufukia ndani ya shuka. Msururu wa wapeana salamu ukimfikia, vibibi vinamruka kama vile kiti hakina mtu. Na wewe mwenye kiharusi, unangoja kurukwa? Fedheha haimfai mtoto wa Mwashanti. Njoo kwa Nsiah, Asokwa, kabla ya Jumamosi."

Nyumba ile ilikuwa na vyumba kumi na viwili kuzunguka uwanja mmoja, na redio zisizopungua nne, zote stesheni moja. Mama aliyekuwa akimenya ndizi karibu na bomba akageuza uso. Wapangaji wawili waliokuwa wakibishana juu ya foleni ya bafu wakanyamaza. Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

Mzee Frimpong alikuwa na miezi minane tangu apigwe na kiharusi. Mdomo ulikuwa umevutwa upande, na maneno yalimtoka moja moja, kila moja na jasho lake.

"Dufie," alisema. "Huyo... ni mimi?"

Angeweza kumdanganya. Mafundi wa magari wako wengi Tafo. Lakini alimwangalia baba yake machoni na uongo ukamkwama.

"Ni wewe, Papa."

"Umeandika... wewe?"

"Hapana, Papa. Wallahi si mimi."

Mzee akasukuma kijiko pembeni kwa mkono wa kushoto. "Lakini ya vibibi," alisema, "uliona... wewe tu."

Kweli tupu. Siku ile ya msiba wa dada yake mzee, ni Dufie aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti. Ndiye aliyewaona vibibi watatu waliovaa nyekundu wakija, kulia kwenda kushoto kama ilivyo desturi, wakimpa mkono kila aliyeketi. Na baba yake, kwa kuwa mkono wa kushoto haupewi mtu mwenye heshima zake, akatazama chini, nao wakapita. Dufie hakumsimulia shangazi wala shoga. Alimsimulia mtu mmoja, usiku huo huo, kifuani pake, mpaka shati likalowa.

Papa Frimpong alifumba mdomo, uji ukabaki bakulini. Ilikuwa Jumatano, siku yake ya mazoezi kwa Nsiah. Dufie alipomkumbusha, alitikisa kichwa. Akambembeleza, akamkumbusha kwamba mkono umeanza kupanda, juma lililopita ulifika usawa wa kifua, na Nsiah mwenyewe alisema ukiachwa sasa utalala moja kwa moja, hautaamka tena. Mzee akageuzia uso ukutani. Basi Dufie akaoga, akavaa gauni lake la bluu, akachukua teksi kwenda Asokwa. Kifua kilikuwa kikimwaka moto.

Nisikilizeni niwaambie jambo kuhusu huyu Nsiah, msije mkadhani Dufie alikuwa mjinga. Miaka miwili nyuma aliingia pale stesheni, kijana mrefu, mikono mikubwa yenye kutulia, ameshika karatasi ya tangazo lake la kwanza. Dufie akaisoma: tunatoa huduma za urekebishaji wa mfumo wa misuli na mishipa ya fahamu. Akacheka mpaka machozi. Nsiah hakukasirika. Alisimama akamtazama anavyocheka, kwa macho ya mtu aliyekuwa na kiu akaona mtungi, na Dufie akashikwa na aibu akanyamaza.

"Hakuna mtu anayeamka asubuhi akatamani urekebishaji," alimwambia. "Wanakuona kama mkandaji tu, na wakandaji wako kila kona. Usiwauzie tiba, kaka. Kila mgonjwa ana kitu kimoja anachokililia. Kitafute hicho, ukitaje, kisha unyamaze."

Maneno hayo alimpa bure. Na kitu chenyewe walikuja kukitafuta wote wawili, jioni baada ya jioni, wakila kenkey ya mahindi na samaki kwenye benchi la nje ya stesheni, magoti yakigusana kwa bahati mbaya iliyorudiwa kila siku. Walikipata baada ya baba yake Dufie kuugua: salamu. Mtu wa Kumasi hajali sana kupanda ngazi. Anachotaka ni Jumamosi avae nguo yake ya msiba, aende, atoe mkono wa kulia kama watu. Dufie akaandika: Jumamosi inakuja, na salamu ina mkono wake. Njoo tuuamshe. Maneno tisa. Wagonjwa wakaanza kuja, wawili, watano, na Nsiah akamshika Dufie mashavu akamwambia kwamba hajapata kuona mtu mwenye mdomo wenye baraka kama wake. Jumamosi hii, watu wa kwao Nsiah walikuwa waje Tafo na chupa zao za jini kubisha mlango, yaani kuposa, kama inavyotakiwa. Hayo ndiyo mapenzi aliyoyabeba Dufie kwenye teksi ile asubuhi, pamoja na ile hasira, na hakujua kipi kitashuka kwanza.

Kliniki ilikuwa imejaa mpaka ngazini. Fimbo, magongo, wazee wa kushikwa kwapa, wanawake waliobeba mama zao mgongoni. Mezani, kwa ajili ya umati huo, leo kaketi Maame Birago, mama yake Nsiah, ambaye kwa kawaida hafiki hapo, akigawa namba.

"Shikamoo, Maame."

"Marahaba. Namba yako arobaini na tatu."

"Mimi si mgonjwa, Maame."

"Hilo ndilo tunalolichunguza," alisema Maame Birago, na akaita namba sita.

Tangu mwanzo huyu mama hakumtaka. Alisema mwanamke anayeuza sauti yake kwa kila mwenye dawa ya minyoo atauza na siri za ndani. Akampita mezani, akasukuma mlango wa chumba cha mazoezi.

Nsiah alikuwa anapanga mipira ya kubinya kwenye rafu. Alipogeuka akamwona, uso wake ukafunguka wote kwa furaha, furaha ya kweli isiyo na hila. Hilo ndilo lililomuuma Dufie zaidi. Angetamani amkute na sura ya mwizi.

"Umeona watu?" alisema Nsiah. "Arobaini na mbili, Dufie. Tangu asubuhi."

"Papa amesikia."

Mkono wa Nsiah ukatulia juu ya mpira.

"Amesikia, na nyumba nzima imesikia. Ameniuliza kama ni mimi niliyeandika. Hataki kula. Hataki kuja huku. Nilikueleza jambo lile nikilia, Nsiah. Nilikuwa nakueleza wewe, sikuwa naiambia redio."

"Sikumtaja jina."

"Fundi wa gia, Tafo, kapooza kulia, analishwa na binti yake. Ulibakiza namba ya chumba tu."

Nsiah akaja karibu. Akamshika mikono yote miwili, na ninyi mnaojua mapenzi mnajua jinsi mikono inavyosaliti. Ya Dufie haikujitoa. Akazungumza naye polepole, kwa upole ule ule aliokuwa akiwasemesha wagonjwa kabla ya kuwanyoosha kiungo kinachouma. Akamweleza kwamba tangazo lake lilikuwa zuri, zuri sana, watu walilipenda, wengine waliliimba. Lakini mtu hupenda tangazo akabaki kitandani. Wazee wale pale nje walisikia salamu wiki tatu wakatabasamu. Walisikia fedheha mara moja wakapanda teksi.

"Ni wewe uliyenifundisha," alisema. "Taja kile anachokililia, kisha unyamaze. Sasa mimi nimekitaja. Kosa langu liko wapi? Yule mama wa namba nne, mguu wake ungekufa mwezi huu. Leo yuko hapa. Kwa sababu ya baba yako."

Lilikuwa kweli, na kisu chenyewe alikinoa Dufie mwenyewe.

"Liondoe," alisema mwishowe. "Liondoe leo, uje nyumbani umwombe radhi."

"Nitakuja. Nitapiga magoti mbele yake. Lakini kwanza nisikilize, hatuna muda." Alitazama mlango, na kwa mara ya kwanza Dufie aliona woga machoni mwake. "Wofa Adusei yuko njiani. Anakuja hapa, sasa hivi, na anakuja kwa ajili yako."

Wofa Adusei alikuwa kaka yake Maame Birago, mjomba mwenye ukoo, na kwao mjomba akisema hapana hata baba mzazi anakunja mkeka. Nsiah akamweleza mengine, akitazama sakafu. Kwao huwezi kuoa nyumba yenye ugonjwa. Lazima wapeleleze kwanza. Naye, kwa kumpenda Dufie, alipoulizwa habari za baba mkwe alisema yuko Abidjan miaka mingi, mfanyabiashara. Jumamosi posa ingepokelewa na mjomba wake Dufie, mzee angekaa chumbani saa mbili tu, na baada ya ndoa kila kitu kingesemwa pole pole. Sasa mpelelezi wao amerudi kutoka Tafo na habari za mwanamume mwenye mkono uliokufa katika nyumba ile.

"Wewe unawatibu," alisema Dufie. "Wewe unajua kiharusi si laana wala hakirithiwi kama shamba. Mwambie hivyo Wofa wako. Hiyo si ndiyo kazi yako?"

"Nimemwambia asubuhi hii kwa simu. Akanisogezea redio kwenye simu."

Nyayo zikasikika. Nsiah akambana mikono zaidi. "Neno moja tu, Dufie. Wewe ndiye mwenye maneno. Ukinipenda, tafuta neno moja."

Wofa Adusei aliingia akiwa na shuka begani na miwani puani, Maame Birago nyuma yake. Kwa ajili ya joto mlango ukaachwa wazi. Alikuwa mzee mpole, na upole wake ulitisha kuliko makelele. Akaketi kwenye kitanda cha mazoezi, akamwuliza Dufie hali, kazi, safari ya kutoka Tafo. Akamsifu sauti. Kisha akavua miwani akaifuta.

"Binti yangu, mimi sina ubaya nawe. Lakini kijana wetu mwenyewe ametangazia mji mzima kwamba mkono uliokufa ni fedheha, na fedheha haimfai mtoto wa Mwashanti. Nami namwamini, kasoma. Kwa hiyo sitaibeba kuipeleka nyumbani kwa dada yangu. Tumeambiwa kwenu yupo mtu wa namna hiyo. Ni nani?"

Nje namba saba alikuwa akikohoa. Dufie alimtazama Nsiah, akamngoja. Alimngoja kwa moyo wote. Lingetosha hata nusu ya sentensi, hata angejikwaa. Nsiah alikuwa anamtazama yeye, na macho yake yalijaa mapenzi na maombi, na mdomo wake ulifungwa. Dufie akaiona miaka yake ishirini na tisa. Akaiona Jumamosi bila chupa na bila wageni, na Maame Birago akiita namba nyingine maisha yake yote. Akaona pia kwamba bila Nsiah, mkono wa baba yake hautakuwa na mtu wa kuuamsha. Na hilo alilishika haraka, akajifunika nalo, ili lionekane ndilo sababu.

Neno lenyewe hakulitafuta. Lilikuja lenyewe, dogo, safi, la kila siku, neno ambalo katika nyumba ya vyumba kumi na viwili hakuna anayelitilia shaka.

"Mpangaji," alisema Dufie. "Ni mpangaji wetu tu, Wofa."

Uso wa mzee ukalegea. Nsiah akashusha pumzi. Ila Maame Birago, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alikuwa ametazama nje.

"Mzee," alisema, "namba yako?"

Papa Frimpong alikuwa amesimama kizingitini, ameegemea fimbo kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amejivalisha mwenyewe: shati lake jeupe la kanisani, vifungo vimepishana, kola moja juu moja chini. Baadaye ilijulikana kwamba Dufie alipoondoka kwa hasira, mzee alipata wasiwasi asije mwanawe akagombana na mchumba kwa ajili yake, siku tatu kabla ya kubishiwa mlango. Akamwomba jirani amwitie teksi. Alikuja kumwambia Nsiah kwamba yamekwisha, na kwamba yuko tayari kwa mazoezi.

Alisimama pale kwa muda gani, hakuna aliyeuliza. Dufie alimwona machoni akajua kwamba ilikuwa muda wa kutosha.

"Unatoka wapi, mzee?" aliuliza Wofa Adusei, akiutazama ule mkono ulioning'inia.

"Tafo."

"Nyumba ya nani?"

Mzee aliinua fimbo kidogo, akamwelekezea Dufie. "Ya... kwao."

"Na wewe ni nani wao?"

Mdomo uliovutwa ukahangaika. Neno lile lilikuwa gumu kwake, lina silabi nyingi, na midomo haikutaka kukutana. Akalianza, likamponyoka. Akalianza tena. Mate yakamtoka pembeni na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Katika chumba kile walikuwamo mtu aliyesomea kuwasaidia watu wa namna hiyo na binti aliyekuwa akimfuta mdomo kila asubuhi, na wote wawili walisimama tu.

"M... mpangaji," alisema Papa Frimpong.

"Ahaa."

"Miaka... mingi. Nyumba yao... safi. Sijaona... ugonjwa." Alipumzika. "Binti huyu... ana heshima. Mchukueni."

Wofa Adusei akacheka kwa kuridhika, akamshukuru mzee kwa ushahidi, akamwambia Maame Birago amwandikie namba, kwani mpangaji naye ni mtu. Papa Frimpong akatikisa kichwa. Alisema ameona watu ni wengi. Atarudi siku nyingine. Akageuka, kazi iliyomchukua hatua tano, akaondoka akiburuta mguu katikati ya watu waliomsogezea magoti apite. Maame Birago aliporudisha macho ndani alikuwa, kwa mara ya kwanza, anatabasamu.

Wakapanga Jumamosi, saa tatu asubuhi. Wofa akauliza idadi ya chupa zinazotakiwa Tafo, na Dufie akasikia sauti yake mwenyewe, ile nzuri ya redioni, ikimjibu vizuri na kwa adabu. Alitaka kukimbia. Miguu ilikuwa yake, mlango ulikuwa wazi, ngazi zilikuwa kumi na nne tu, na mtu aliyekuwa akizishuka alikuwa akishuka moja moja. Alijiambia angoje Wofa amalize kusema. Wofa alipomaliza, akajiambia angoje atoke.

Nsiah akaja nyuma yake, akauweka mkono wake mkubwa mgongoni pake, akainama sikioni.

"Asante, mke wangu," alinong'ona.

Miaka miwili Dufie alikuwa akilisubiri neno hilo. Alingoja fimbo ya baba yake iache kugonga ngazi, ndipo akaitika.